Mwalimu wa kwanza wa kusoma hahitaji kujua kusoma

Januari ni mwezi wa palizi Ipililo. Pamba iliyopandwa mwishoni mwa mwaka imeshatoka, magugu nayo hayasubiri mtu, na nyumba nyingi za kata hii ya Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, huamkia shambani. Januari hiyohiyo shule hufunguliwa. Mtoto wa miaka mitano huogeshwa, akavalishwa shati la kaka yake lililokunjwa mikono, akapelekwa kuandikishwa darasa la awali. Zamani mwalimu alimwambia apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa aguse sikio la kushoto. Ukilifikia, umekua; usipolifikia, rudi mwakani. Siku hizi huulizwa tarehe ya kuzaliwa. Hakuna anayeuliza mtoto ameshasikia hadithi ngapi, na swali hilo lingemwambia mwalimu mengi kuliko sikio na tarehe vikiwekwa pamoja.

Kusoma huanza miaka mitatu au minne kabla ya herufi ya kwanza, masikioni na ulimini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanywa na mtu ambaye mwenyewe hajui kusoma. Wazazi wengi wa vijijini hawaamini hivyo. Kwao kusoma ni kazi ya mwalimu. Wao walichotakiwa kutoa wameshatoa: sare, daftari, mahindi ya uji wa shule. Aliyeishia darasa la nne hujiona hana la kumfundisha mwanawe. Asiyeingia darasani kabisa ndiyo hata hajiulizi.

Sasa tazama huyo mwalimu anayetegemewa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada. Watoto wakafurika. Mwalimu mmoja wa awali mbele ya watoto mia na zaidi, wengine wamekaa sakafuni, si habari ya kushtua mtu katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Kuna vitongoji ambavyo shule iko mbali mno kwa miguu ya mtoto mdogo, na huko tegemeo ni shule shikizi na kijana wa kujitolea. Lugha ya darasa ni Kiswahili, ilhali mtoto ameamka na Kisukuma, amecheza kwa Kisukuma, amegombezwa kwa Kisukuma. Mbuzi anayemchunga kwake ni mbuli. Katika saa chache za asubuhi, mtoto huyu anatakiwa ajifunze lugha na ajifunze kusoma kwa lugha hiyo, akiwa mmoja kati ya mia.

Matokeo yalikwisha kuonekana. Mwaka 2013 wanafunzi wa darasa la pili nchini walipimwa kusoma. Kwa kigezo cha maneno 50 kwa dakika pamoja na kuelewa kilichosomwa, waliofikia walikuwa takriban asilimia 8. Serikali ikaja mwaka 2015 na mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, ambao kila mzazi anaujua kwa jina la KKK. Simiyu nao ukaingia katika mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza. Chini ya mpango huo kulikuwa na mafunzo ya utayari wa kuanza shule: watoto waliokosa darasa la awali walikusanywa kwa majuma kadhaa chini ya mkazi wa kijiji aliyefunzwa kazi hiyo, wakasikiliza hadithi, wakaimba, wakazoea kusema Kiswahili kabla ya kukisoma. Aliyebuni mafunzo yale alielewa jambo. EQUIP ilifunga shughuli zake mwaka 2020. Mipango huja na hufungwa. Jioni za Ipililo zipo kila siku, na ndizo ninazotaka kuzizungumzia.

Jioni, ugali umeliwa na moto bado unafuka, bibi husema, "Kalagu!" Watoto hujibu, "Kize!" Waswahili wa pwani wangesema kitendawili, tega. Kinachotegwa kinaweza kuwa kile kinachojulikana kila mahali, cha nyumba isiyo na mlango. Ili mtoto afike kwenye yai, inambidi aiweke nyumba kichwani, aondoe mlango, aachane na kuta na paa, atafute kitu kingine kilichofungwa pande zote ambacho bado kina kiumbe ndani. Miaka mitatu baadaye, darasa la tatu, mwalimu atampa aya fupi na maswali chini yake na kuiita ufahamu. Kazi ni ileile. Tofauti ni kwamba ya darasani ina maandishi.

Kalagu ina kingine ambacho ni adimu katika malezi yetu. Katika nyumba nyingi, mtu mzima akimuuliza mtoto swali, ama anataka kujua jambo asilolijua, "Ng'ombe wako wapi?", ama anamkaripia kwa namna ya swali. Shuleni mambo ni mengine. Mwalimu anaonesha picha ya kuku na kuuliza huyu ni nani, na mtoto anashangaa: kwani mwalimu hamjui kuku? Mtafiti wa Kimarekani Shirley Brice Heath, aliyekaa miaka mingi na familia za wafanyakazi huko Carolina, Marekani, aliandika mwaka 1982 na 1983 juu ya watoto wa jamii ambazo watu wazima hawakuwa na desturi ya kuwauliza maswali ambayo wenyewe wanayajua majibu. Watoto hao walikuwa wasimuliaji hodari, lakini walipofika shuleni walikaa kimya, na walimu wakawadhania wagumu wa kuelewa. Kalagu ni swali la namna hiyohiyo ya darasani: muulizaji analijua jibu, anayeulizwa anaruhusiwa kubahatisha, na akikosea watu wanacheka, mchezo unaendelea. Mtoto aliyelelewa ndani ya kalagu anaingia darasani akiwa ameshazoea kuulizwa. Sijui kama kuna zana ya kufundishia iliyo nafuu kuliko hiyo.

Hadithi za sungura na fisi nazo zina kazi yake. Mtoto aliyezisikia nyingi anajua kwamba hadithi huwa na mtu anayetaka kitu, kwamba kuna kizuizi, kwamba jambo la pili linatokana na la kwanza. Atakapokutana na hadithi kwenye karatasi, hiyo nusu ya kazi itakuwa imekwisha kufanyika na akili yake itabaki na herufi tu. Asiyezisikia atafanya kazi zote mbili kwa pamoja. Ndiyo maana kuna watoto wanaoweza kukokota silabi zote za sentensi bila kosa na ukiwauliza wamesoma nini wanakutazama.

Hapa kuna ushauri unaotolewa kwa nia njema ambao mimi naona unaharibu: kwamba wazazi waache Kisukuma nyumbani ili mtoto azoee Kiswahili mapema. Chukua mama ambaye Kiswahili chake ni cha mnadani na zahanati. Kwa Kiswahili anaweza kumwambia mwanawe njoo, kaa, acha, lete, nawa. Kwa Kisukuma anaweza kumsimulia jinsi mvua ya mwaka fulani ilivyoondoka na daraja, nani alikuwa upande gani, nani alilia, nani alicheka. Ukimwambia aache Kisukuma, umemnyang'anya mtoto masimulizi na kumwachia amri. Bora hadithi isimuliwe kwa Kisukuma kwa kirefu chake, kisha vitu vilivyomo vitajwe pia kwa Kiswahili, vichache kwa siku, kama mchezo. Lugha hizi mbili ni ndugu wa damu moja ya Kibantu. Silabi zake zinakwenda kwa mwendo mmoja, na sikio lililonolewa kwa moja linaifaa ya pili.

Sikio lenyewe linanolewa vipi? Walimu wa kusoma wa dunia nzima wanakubaliana kwamba mtoto anayeweza kulivunja neno kwa masikio, kabla hajaona herufi hata moja, husoma kwa urahisi zaidi zamu yake ikifika. Kwa lugha zetu kazi hii ni rahisi, kwa kuwa silabi karibu zote huishia na irabu na zinapigika makofi. Anza na majina ya nyumbani. Ku-lwa, makofi mawili. Do-to, mawili. Shi-ja, mawili. Ma-bu-la, matatu. Mtoto akishazoea, mpe "mtoto": m-to-to, matatu, na ataiona hiyo m inavyosimama peke yake. Kisha mpe "mbwa" na "mbuzi". Yote mawili ni makofi mawili, lakini m ya mbwa hujitenga, m-bwa, wakati ya mbuzi imekumbatiana na b, mbu-zi. Jaribu hilo na watu wazima waliokaa kwenye benchi la duka, utazua ubishi wa nusu saa.

Mchezo wa pili ni wa kuunganisha. Badala ya kumwambia mtoto alete sahani, mwambie, polepole, "Niletee sa... ha... ni." Mwanzoni atakutazama. Siku ya tatu ataileta akicheka. Hapo ameunganisha silabi tatu kuwa kitu kimoja chenye maana, na hicho ndicho darasa la kwanza litamtaka akifanye kwa macho. Mchezo wa tatu ni wa kumtafuta mgeni: mama, maji, mahindi, kuku, nani si wa ukoo huu? Hakuna hata mmoja kati ya michezo hii unaohitaji meza, taa, karatasi au muda wa pekee. Inachezeka kwenye tuta la pamba, njiani kwenda kisimani, au wakati wa kumenya viazi vya michembe, mikono ikiwa na kazi na midomo haina.

Kuna sababu ya kulisisitiza hili kwa Kiswahili hasa. Watu husema Kiswahili ni rahisi kusoma kwa kuwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Ni kweli nusu. Neno la Kiswahili linaweza kubeba sentensi nzima mgongoni: "hawakutusomea" lina silabi saba, na mtoto anayeokota moja moja hufika kwenye "a" ya mwisho akiwa ameshaisahau "ha" ya mwanzo. Watafiti Katherine Alcock na Damaris Ngorosho waliochunguza makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania walionesha mwaka 2003 kwamba hata lugha yenye tahajia iliyonyooka haijifunzwi bila taabu. Kwa Msukuma kuna na taabu ya r. Sauti hiyo haimo katika lugha yake, barabara ikawa "balabala", na mtoto ataandika anavyosikia. Asichekwe. Akitajiwa "rangi" na "langi" polepole, mara nyingi, huku akitazama mdomo wa anayesema, ataanza kuzitenganisha. Na hata mtu mzima aliye na l peke yake anaweza kumwacha dada mtu aliye darasa la sita afanye kazi hiyo.

Herufi zije baadaye, na zije chache. Mzazi aliyesoma kidogo hukimbilia "a, be, che, de" kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Tatizo ni kwamba "be" na "a" masikioni mwa mtoto wa miaka mitano havizai "ba", vinazaa "bea". Mtaala wa KKK unaanza na sauti ya herufi, na nyumbani ingefaa iwe hivyo: b itamkwe kwa kifupi kama inavyoanza "baba", bila kuvikwa e. Irabu tano ziwe za mwanzo. Baada ya hapo fuata herufi ya kwanza ya jina lake mwenyewe, kwa kuwa hakuna herufi anayoipenda mtoto kuliko hiyo. Herufi moja kwa juma inatosha. Anayemkimbiza mtoto wa miaka minne amalize alfabeti kabla ya shule anamfundisha kukariri wimbo, na nimeona watoto wanaoimba herufi zote bila kuijua hata moja ukiionesha peke yake.

Pa kuandikia pasiwe hoja Maswa. Wilaya hii ndiyo ambayo vijana wake, enzi za mkuu wa mkoa Anthony Mtaka na kaulimbiu yake ya wilaya moja bidhaa moja, walianza kutengeneza chaki zinazoandikiwa shuleni. Chaki moja inaandika mlangoni, kwenye jiwe bapa, ubavuni mwa mtungi, sakafuni. Isipokuwepo, kuna kijiti na vumbi, na vumbi lina faida yake: mtoto hupitisha kidole ndani ya herufi, akaisikia mikunjo yake, kisha anaifuta kwa kiganja na kuanza upya bila mtu kumgombeza kwa kuharibu karatasi.

Maandishi yenyewe yamo nyumbani, hata katika nyumba inayojiita haina vitabu. Kadi ya kliniki ina jina la mtoto. Mfuko wa mbegu za pamba una neno pamba. Kuna stakabadhi ya chama cha msingi, kalenda ya mwaka juzi ukutani, gunia la mbolea, pakiti ya chumvi, ujumbe wa simu unaosema fedha zimeingia. Na kuna kanga. Mama anapojifunga kanga amebeba sentensi nzima kiunoni, na mtoto aliye mgongoni anaitazama kila siku kwa karibu kuliko mtu yeyote. Ukimwonesha kwamba ile mistari ina sauti, kwamba inaanzia upande wa kushoto na kuelekea wa kulia, umemfundisha kitu ambacho baadhi ya watoto huingia darasa la kwanza hawakijui. Tahadhari ndogo: kanga nyingi zimeandikwa kwa herufi kubwa tupu, na shule huanza na ndogo, kwa hiyo mtoto asishangae akikuta a imebadilika sura.

Vitabu vya hadithi ni suala gumu zaidi na sitaki kulipamba. Nyumba zenye kitabu cha mtoto kisicho cha shule ni chache vijijini. Si kwamba havichapishwi. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991 na umewezesha hadithi nyingi za Kiswahili kuchapishwa. Mkuki na Nyota ya Walter Bgoya, ya mwaka huohuo, imechapisha nyingine. Mwenye simu ya kuperuzi anaweza kupata bure hadithi fupi za Kiswahili zenye picha katika maktaba ya African Storybook, iliyofunguliwa Afrika Kusini mwaka 2014. Lakini kitabu kinachouzwa Mwanza au Dar es Salaam hakijioneshi kwenye mnada wa kijijini katikati ya vitenge na ndala. Nasema hivi kwa wafanyabiashara kuliko kwa wazazi.

Kitabu kikipatikana, kinatumikaje katika nyumba ambayo mama hajui kusoma? Swali hili lilijaribiwa kwa makini vijijini Kenya. Watafiti walichukua walezi 357 na watoto wao 510, wenye umri wa kuanzia miaka miwili hadi karibu saba, wakawagawa katika makundi. Kundi moja lilipewa vitabu vya picha vyenye mazingira wanayoyajua, basi. Makundi mengine yalipewa vitabu pamoja na mafunzo mafupi ya namna ya kuzungumza na mtoto juu ya picha. Kundi jingine halikupewa kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: vitabu pamoja na mafunzo viliongeza mara ambazo mtoto anasomewa na ubora wa mazungumzo, na watoto wakaanza kuyatumia maneno yaliyomo vitabuni. Waliokuwa na walezi wasiojua kusoma walifaidika angalau sawa na wenzao, na kwa baadhi ya vipimo walifaidika zaidi.

Mafunzo yenyewe hayana siri. Mlezi anafungua ukurasa na kuuliza: huyu ni nani? Anafanya nini? Unadhani atamfikia? Wewe ungefanyaje? Mtoto akijibu neno moja, "mbwa", mlezi analirefusha, "Ndiyo, mbwa mweusi anamfukuza kuku," na kumwachia mtoto arudie. Kwa mtu aliyekulia kwenye kalagu, hakuna jipya hapo isipokuwa picha. Ninachokipenda katika utafiti huo ni kwamba unaondoa aibu. Mama asiyejua herufi anaweza kukaa na kitabu mapajani mbele ya mwanawe na akawa anafanya kazi halali ya kusoma.

Tena tusidhani vikongwe wote wa huku hawajui kusoma. Mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima, chini ya serikali na UNESCO, ulianza katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza. Maswa wakati huo ilikuwa Mkoa wa Shinyanga, mmojawapo wa mikoa hiyo; Simiyu ulikuwa bado kuzaliwa, ulikuja kutangazwa mwaka 2012, makao makuu yake Bariadi. Vitabu vya mradi ule vilifundisha kusoma kwa kutumia kazi ya msomaji mwenyewe, na mkulima wa pamba alikutana na pamba kwenye ukurasa wa kitabu chake cha kwanza. Likatoka hata gazeti la vijijini kwa wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho. Kisha ikaja kampeni ya taifa zima na mtihani wa kwanza wa mwaka 1975. Watu wazima wasiojua kusoma nchini walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Kufikia 1986 walikuwa wanakaribia asilimia 10. Msichana wa miaka ishirini aliyekaa chini ya mti mwaka 1972 akijifunza kuandika neno pamba, leo ana umri wa kuwa na vitukuu. Baadhi ya waliojifunza wakati ule wamesahau kwa kukosa cha kusoma, maana gazeti lilikoma na vitabu havikuendelea kuja. Wengine bado wanasoma Biblia kwa kufuatisha kidole. Hao ni walimu waliokaa bila kazi, na mjukuu akikaa ubavuni akakifuata kidole kile, anajifunza namna macho yanavyotembea juu ya mstari.

Mjini, mzazi akisikia habari hizi huuliza juu ya runinga na vishikwambi. Nitalipitia haraka. Ubongo, shirika la Dar es Salaam, linatengeneza katuni za Akili and Me, za msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na utafiti uliofanywa Morogoro ulionesha watoto waliozitazama walijifunza kweli namba na maumbo. Huko Tanga, kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi vijijini. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na asilimia 80 hawakuwahi kusomewa chochote nyumbani. Baada ya miezi kumi na mitano idadi ya wasiosoma hata neno ilipungua kwa nusu. Si haba. Ila mimi naendelea kuitazama ile asilimia 80, ambayo kuipunguza hakukuhitaji umeme wa jua wala kampuni ya ng'ambo.

Anayehitajika zaidi katika nyumba ya Ipililo pengine ni yule anayesahaulika: kaka au dada wa darasa la tatu, la nne, la tano. Yeye ndiye anayeshinda na mdogo wake, anayembeba, anayeongozana naye machungani. Anazijua sauti za herufi kwa namna mpya kuliko baba. Akimsomea mdogo wake kurasa mbili kila jioni, na yeye mwenyewe anaongeza kasi yake ya kusoma, maana wengi wa rika lake bado wanakokota. Wavulana wanaopelekwa kuchunga wasiachwe nje ya hili kwa kisingizio kwamba kitabu ni kazi ya wasichana jikoni. Na baba anayesema amechoka na shamba asidaiwe kitabu. Atege kalagu mbili kabla hajalala.

Mauzo ya pamba huanza kiangazi. Siku fedha inapolipwa, nyumba hununua bati, ndama, baiskeli, deni la dukani linafutwa. Katika orodha hiyo pana nafasi ya pakiti ya chaki, daftari moja la kuchorea lisilo la shule, na kitabu kimoja cha hadithi kilichoagizwa kwa dereva wa basi au mwalimu anayekwenda Bariadi au Mwanza. Kitabu hicho kisifungiwe sandukuni pamoja na vyeti na nguo za sikukuu, kama wafanyavyo wengi kwa kuogopa mtoto atakichana. Kitiwe kwenye mfuko wa plastiki dhidi ya mvua na mchwa, kitundikwe msumarini ukutani, kwa urefu ambao mtoto wa miaka minne akinyoosha mkono anakifikia.